Msimbo wa jumla, ufunguo wa mtu mmoja

Jumamosi ya tarehe 12 Oktoba 2024, programu-jalizi (plagini) moja ya WordPress, mfumo huria wa kujenga tovuti, ilibadilishwa jina na mikono ikiwa tayari imesakinishwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 2. Ilikuwa ikiitwa Advanced Custom Fields, wengi wetu tukiijua kwa kifupi cha ACF. Ikawa Secure Custom Fields. Aliyekuwa ameruhusu masasisho ya kiotomatiki alilala na kazi ya watu aliowazoea, akaamka na kazi ya watu wengine, bila yeye kubonyeza chochote. Aliyeibadilisha ni upande wa Matt Mullenweg, mwanzilishi mwenza wa WordPress, aliyekuwa akigombana na WP Engine, kampuni yenye ACF. Tangu hapo, kila nikisikia watengenezaji wa tovuti wa Dar es Salaam na Nairobi wakilijadili jambo hili, nasikia hukumu mbili. Kuna wanaosema ni ugomvi wa matajiri wa Marekani, hautuhusu. Na kuna wanaosema hayo ndiyo matokeo ya msimbo wa kuchangiana: hauna mwenyewe, hivyo mwenye akili anunue programu yenye kampuni nyuma yake. Naona wote wamepotea pale pale. Siku ile hakuna aliyeibiwa msimbo. Msimbo wa ACF ulikuwa wa wote tangu mwanzo, na leseni yake ilimruhusu yeyote kuuchukua. Kilichochukuliwa ni njia ambayo msimbo huo ulipitia hadi kufika kwenye seva za watu, pamoja na imani ya wale walioizoea njia hiyo. Mpaka jamii za programu huria zikubali kwamba njia nayo ni mali ya kuchangiwa, yenye kanuni zilizoandikwa na wasimamizi zaidi ya mmoja, tutakuwa tunachangia msimbo huku tukiacha hatima yake mfukoni mwa mtu.

WordPress yenyewe ni mtoto wa kuchangiana. Mwaka 2003 Matt Mullenweg na Mike Little walichukua msimbo wa programu ya blogu iliyoitwa b2, ambayo ilikuwa imeacha kuendelezwa, wakaanzisha tawi lao kwa jina jipya. Mwaka uliofuata, toleo la 1.2 likafungua nafasi ya plagini, na hapo ndipo bahati ya mradi ilipoanzia. Kiini kilibaki chepesi, na mahitaji ya watu yakashughulikiwa na watu wenyewe: muuza viatu akapata kikapu cha manunuzi, kanisa na msikiti wakapata fomu ya michango, mwenye duka wa kwetu akapata njia ya kupokea malipo ya M-Pesa. Leo ghala rasmi la mradi lina plagini karibu 60,000 za bure, na WordPress inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. ACF ni mojawapo ya michango hiyo. Elliot Condon wa Australia aliitoa mwaka 2011, nayo inafanya jambo dogo lenye manufaa makubwa: inampa mjenzi wa tovuti visanduku vyake mwenyewe. Ukijenga tovuti ya nyumba za kupanga, badala ya kurundika kila kitu kwenye aya moja, unakuwa na kisanduku cha bei, cha idadi ya vyumba, cha mtaa. Mwaka 2021 Condon aliiuza kwa kampuni ya Delicious Brains, na mwaka 2022 ikaingia mikononi mwa WP Engine, kampuni kubwa inayohifadhi tovuti za WordPress.

Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima kutazama kwa karibu kitu ambacho wengi hatukiangalii. Mwandishi wa plagini huomba nafasi kwenye ghala. Wajitolea wachache huikagua kazi yake anapoingia kwa mara ya kwanza. Akipita, anapewa sehemu yake pamoja na kitambulisho ambacho hakibadiliki. Kuanzia hapo anapakia matoleo mapya mwenyewe. Upande wa pili, kila tovuti ya WordPress huliuliza ghala mara 2 kwa siku: nina plagini hizi, matoleo yangu ni haya, kuna jipya? Ghala halijibu kwa kumtafuta mwandishi. Linatafuta kitambulisho. Jibu likiwa ndiyo, kunajitokeza duara dogo jekundu lenye namba kwenye dashibodi, na tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020 mwenye tovuti anaweza kuamua hata hilo duara asilisubiri, masasisho yaingie yenyewe usiku.

Chukulia Lipa Namba ya mama anayeuza chipsi, au till yake kama uko Kenya. Mtu akila kwake, akapenda, akaenda kufungua banda lake mtaa wa pili akikaanga vilevile, hakuna kosa. Wateja wataonja huku na huku, watachagua. Lakini tuseme mwenye mtandao wa simu anaamua siku moja kwamba namba ya mama yule sasa ni ya mtu mwingine. Namba ni ile ile, imebandikwa ukutani pale pale, wateja wameshaikariri, wanaendelea kulipa. Jina linalotokea kwenye simu ndilo limebadilika, na wangapi husoma jina? Ndivyo ilivyokuwa kwa ACF. Jina la kuonekana lilibadilishwa, kitambulisho kikaachwa vilevile, na tovuti milioni 2 zikaendelea kuuliza habari kwa namba ziliyoizoea.

Chanzo cha ugomvi ni fedha na jasho. Septemba 2024, kwenye mkutano wa WordPress wa Portland huko Oregon, Mullenweg aliilaumu WP Engine hadharani kwamba inavuna kwenye mradi bila kuupalilia. Kampuni yake, Automattic, alisema, inatoa maelfu ya saa za kazi kila wiki kwa mradi, WP Engine saa 40. Alidai pia kwamba WP Engine inatumia vibaya nembo ya WordPress, na ilipe asilimia 8 ya mapato yake. Siku chache baadaye WP Engine ikafungiwa kutumia huduma za WordPress.org, na tarehe 2 Oktoba ikaenda mahakamani California. Kufungiwa huko kulimaanisha kwamba watunzaji wa ACF hawakuwa tena na uwezo wa kupakia sasisho ghalani kwa mikono yao. Kisha ikatangazwa kwamba ACF ina kasoro ya usalama. Kisha, kwa hoja ya usalama, ghala likachukua nafasi yenyewe. Tarehe 10 Desemba jaji Araceli Martínez-Olguín alitoa amri ya muda ya kurudisha mambo yalivyokuwa, na ndani ya siku chache ACF ikarudi kwa wenyewe.

Katikati ya sakata hilo ndipo wengi walipojua jambo ambalo kwangu ni zito kuliko asilimia 8. WordPress.org, yaani ghala lenyewe, lango lenyewe, si mali ya taasisi ya WordPress Foundation kama tulivyodhani. Ni mali binafsi ya Mullenweg. Taasisi inashika nembo. Mlango unashikwa na mtu. Desemba hiyo hiyo mtu huyo alitangaza mapumziko ya sikukuu, na kupokea plagini mpya kukasimama. Maelfu ya watu duniani waliokuwa wamechangia kazi zao kwa miaka 20 walikuwa wameziweka kwenye nyumba ya mtu, wakiamini ni ukumbi wa jumuiya.

Sasa tuzipime hoja. Hoja ya leseni ndiyo inayorudiwa zaidi na wanaomtetea Mullenweg. WordPress iko chini ya leseni huria ya GPL, plagini zake ziko chini ya GPL, na GPL inaruhusu kunakili, kubadilisha na kusambaza. Hilo ni kweli kabisa, na mtu asijaribu kulipinga. Ila leseni inazungumzia msimbo. Haisemi lolote kuhusu nafasi kwenye ghala, wala kuhusu wateja wanaoulizia namba ile. Tena mila ya programu huria ina jibu la zamani kwa hali hii: ukichukua msimbo wa mwenzio, chukua pia jina jipya, ukaanze upya kutafuta watu. Mwaka 2005 wasanidi wa mfumo wa kujenga tovuti ulioitwa Mambo walikosana na kampuni iliyoshika nembo yake. Wakaondoka na msimbo, wakaacha jina, wakaacha anwani. Jina jipya walilolichagua ni Joomla, kutokana na neno letu jumla, kwa maana ya wote kwa pamoja. Toleo lao la kwanza lilitoka Septemba mwaka huo, na watu waliwafuata kwa hiari. LibreOffice, programu ya kazi za ofisi, ilifanya hivyo mwaka 2010 ilipojitenga na OpenOffice. Mullenweg na Little wenyewe walifanya hivyo kwa b2. Mwenye haki ya kuanzisha tawi hana sababu ya kukalia kitambulisho cha mwenzake.

Hoja ya usalama ni nzito zaidi, na nisingependa ipuuzwe. Kanuni za ghala, kifungu cha 18, zinawapa wasimamizi haki ya kubadilisha plagini bila ridhaa ya mwandishi kwa ajili ya usalama wa umma. Kifungu hicho kina sababu. Mwaka 2017 plagini iliyoitwa Display Widgets, iliyokuwa kwenye tovuti karibu 200,000, iliuzwa na mwandishi wake kwa dola 15,000. Mnunuzi akatumia njia ile ile ya masasisho kupenyeza msimbo wa kuchapisha matangazo taka kwenye tovuti za watu. Iliondolewa ghalani, ikarudi, ikaondolewa tena, mpaka ikafungwa moja kwa moja. Mwaka 2018, upande wa lugha ya JavaScript, mtunzaji wa kifurushi cha msimbo kiitwacho event-stream alichoka, akamkabidhi kazi mgeni aliyejitolea kwa upole kusaidia, na mgeni akaweka ndani yake msimbo wa kuiba sarafu za kidijitali. Kwa hiyo anayesema ghala lisiwe na mlinzi kabisa hajawahi kusafisha tovuti iliyovamiwa. Mlinzi anahitajika. Swali ni mlinzi anafanya nini akigombana na mmoja wa wapangaji. Katika suala la ACF, mwenye mlango ndiye aliyewafungia mafundi nje, kisha ikasemwa kwamba nyumba ina nyufa na mafundi hawapo. Hata kama kila hatua kwa peke yake ina kifungu chake, mshindani wa kibiashara hakupaswa kuwa ndiye mwamuzi wa usalama wa mshindani mwenzake. Hilo linajulikana hata kwenye kesi ya mpaka wa shamba kijijini.

Halafu kuna malalamiko ya msingi ya Mullenweg, kwamba kuna wanaovuna bila kupalilia. Hapo nasimama upande wake, na nadhani wengi waliomrushia maneno hawajawahi kutunza plagini hata moja yenye watumiaji 50. Kujibu maswali ya watu usiku, kurekebisha kila toleo jipya la PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress, linapotoka, kulaumiwa kwa kosa la seva ya mtu mwingine, yote bila shilingi. Mwaka 2023 foleni ya plagini zilizosubiri kukaguliwa ghalani ilipita 1,000, kwa sababu wakaguzi walikuwa wachache mno. Kampuni inayotengeneza fedha nyingi juu ya mgongo wa jasho hilo inastahili kuulizwa inarudisha nini. Lakini ukimdai mtu mchango, unamdai kwa hoja, kwa mkataba, kwa aibu ya hadharani ikibidi. Ukitumia njia ya masasisho kama fimbo, wa kwanza kuchapwa ni mwenye tovuti asiyejua hata WP Engine ni nani.

Iliyo dhaifu kuliko zote ni hoja ya kununua programu yenye kampuni nyuma yake. Naisikia kwa wakuu wa idara za teknolojia wanaotaka kuonekana waangalifu. Wanasahau kwamba ACF ilikuwa na kampuni nyuma yake, tena yenye wawekezaji na mawakili. Kampuni ilikuwepo pande zote mbili. Kilichowaokoa watumiaji ni ule uhuria unaodharauliwa: kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, watunzaji wa ACF waliendelea kuutoa kwenye tovuti yao wenyewe, na aliyetaka alisakinisha kutoka huko kwa mkono. Aliyetaka kulinganisha matoleo mawili mstari kwa mstari aliweza. Kwenye programu iliyofungwa, siku muuzaji akikosana na mwenye duka la programu, unabaki na nini? Hata mstari mmoja wa kusoma huna. Na anayesema kila mtu ajiandikie kila kitu, sijui anawaza mishahara ya nani. Ofisi yenye fundi mmoja wa kompyuta haiwezi kuandika upya plagini 60,000.

Tatizo la njia si la WordPress peke yake, na kisa kinachoonyesha hilo ni cha Machi 2016. Mwandishi mmoja wa JavaScript alikuwa na kifurushi chenye jina kik kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript. Kampuni ya Kik ikalitaka jina, wenye ghala wakaipa. Kwa hasira mwandishi akaondoa vifurushi vyake vyote 273, kimojawapo left-pad, chenye mistari 11 tu ya kujaza nafasi upande wa kushoto wa neno. Miradi mingi mikubwa ikashindwa kujengeka siku hiyo. Wenye ghala wakakirudisha left-pad bila ridhaa yake. Watu walichekeshwa na ile mistari 11, wakaapa kupunguza utegemezi. Jina ndilo lilikuwa kiini cha kisa: nani ana haki ya kulichukua, kwa utaratibu gani, na anayekataa anakata rufaa wapi. PyPI, ghala la lugha ya Python, baadaye lilipata waraka ulio wazi, PEP 541, unaoeleza jina la kifurushi linaweza kuhamishiwa mtu mwingine katika hali zipi. Debian, mfumo endeshi wa kuchangiana, una katiba iliyoandikwa, vifurushi vilivyotiwa saini, na nakala kamili za ghala lake zimetapakaa duniani, kwa hiyo hakuna mtu mmoja anayeweza kuamka na hasira akafunga bomba.

Ndiyo maana naona mradi wa FAIR, uliotangazwa Juni 2025 chini ya Linux Foundation, umeeleweka vibaya pale unapoitwa uasi dhidi ya WordPress. Kiini cha WordPress kinabaki kilivyo. Kinachobadilishwa ni mlango: plagini iweze kutolewa kutoka maghala mengi, na tovuti iithibitishe kwa saini ya mwandishi mwenyewe badala ya kuamini tu kwamba imetoka kwenye anwani fulani. Kwa mfano wangu wa awali, ni kama kumfanya mteja aweze kuhakikisha kwamba aliyepokea fedha ni mama yule yule, hata namba ikihamishwa. Jambo hilo lina gharama zake. Maghala mengi maana yake ni milango mingi ya kulinda, na mtumiaji wa kawaida atauliza apeleke wapi lawama mambo yakiharibika. Saini haimzuii mwandishi mwenyewe kuuza kazi yake kwa mwizi, kama ilivyotokea kwa Display Widgets. Hata hivyo inaondoa jambo moja kubwa: mtu wa kati kubadilisha kazi ya mwenzake kimyakimya.

Hapa kwetu jambo hili linagusa mbali kuliko tovuti za maduka. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004, umejengwa kwa moduli za kuchangiwa, na Eldoret ni mojawapo ya mahali pa kwanza kabisa ulipotumika. DHIS2, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, unabeba takwimu za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, nao una ghala la programu za nyongeza ambalo kundi la HISP Tanzania limelichangia. Sisi si watazamaji tena. Tumo kati ya wanaopakia na wanaopakua. Kwa hiyo wizara inaposaini mkataba wa mfumo huria, isiishie kuuliza leseni. Iulize masasisho yanatoka kwenye seva ya nani, nani anaweza kubadilisha kitambulisho, na kama kuna nakala ya ghala iliyo ndani ya nchi. Mitandao ya vyuo kama TERNET ya Tanzania, KENET ya Kenya na RENU ya Uganda ina uwezo na sababu ya kutunza nakala hizo. Na vijana wetu wanaoandika plagini za pesa za simu wasishike ufunguo peke yao.

Hilo la mwisho nimelilipia. Miaka kadhaa iliyopita nilimjengea mteja wa Morogoro duka la mtandaoni la vifaa vya sola, nikatumia plagini ya malipo ya simu iliyoandikwa na kijana mmoja hodari. Kijana akapata ajira, akaacha kujibu barua. Plagini ikafungwa ghalani, na dashibodi haikuonyesha chochote. Hakuna duara jekundu kwa kitu ambacho hakitasasishwa tena. Tulijua baada ya miezi 7, wateja walipoanza kupiga simu kwamba wamekatwa fedha na oda haionekani. Simlaumu kijana, hakuwa amelipwa na yeyote kati yetu, mimi nikiwemo. Tangu siku hiyo kila tovuti ninayoisimamia ina jedwali la safu 3: jina la plagini, watu wanaoshika ufunguo wake, na mahali nakala yetu ilipo. Kwenye jedwali la duka lile la sola, plagini 4 bado zina jina moja tu kwenye safu ya pili. Wawili kati ya hao nimeshawaandikia, nikawaambia niko tayari kujifunza msimbo wao na kubeba zamu za wikiendi.